Naomba uhakiki: Hericium erinaceus kwenye fagusi mkongwe, kusini mwa Uingereza

Mleta mada

Wadau wa uyoga na misitu, salaam. Naleta kwenu uyoga nilioukuta Oktoba hii katika msitu mkongwe wa kusini mwa Uingereza. Naamini ni Hericium erinaceus, na naomba wenye ujuzi waukague utambuzi wangu kwa ukali kabla sijaupeleka kwenye kumbukumbu za kitaifa. Jina la msitu sitalitaja, wala mahali mti ulipo, na naomba mtu yeyote atakayedhani ameutambua asiandike hapa.

Mti wenyewe ni fagusi (Fagus sylvatica) mkubwa, umesimama na ungali hai, na shina lake watu wawili wakishikana mikono hawawezi kulizunguka. Juu kidogo ya kimo cha mtu mrefu kuna jeraha la zamani pale tawi nene lilipokatika, na gome limekua likajikunja kulizunguka bila kulifunga. Uyoga umetokea ndani ya jeraha hilo. Ni bonge moja jeupe lenye upana wa takriban sentimita 20. Halina kofia wala mguu unaoonekana, na mbele na chini limefunikwa lote kwa meno laini, yaliyochongoka nchani, yanayoning'inia wima kuelekea ardhini. Meno ya juu ni mafupi na yamelala juu ya bonge. Kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyorefuka, na yale ya chini kabisa yanafika sentimita 4, kipimo nilichokipata kwa kufunga rula kwenye ncha ya fimbo na kuisogeza karibu bila kuugusa uyoga. Ncha za baadhi ya meno ya juu zimeanza kugeuka manjano, ilhali yale ya chini yangali meupe kabisa na yana unyevu.

Sikuchuma, sikukata na sikubonyeza. Kwa wasiofahamu, uyoga huu ni miongoni mwa aina nne tu za uyoga zilizomo katika Jedwali la Nane la Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya mwaka 1981, inayotumika Uingereza yenyewe, Wales na Scotland. Nyingine tatu ni Buglossoporus quercinus, uyoga wa kibao unaoota kwenye mialoni mikongwe peke yake. Butyriboletus regius, wenye kofia ya waridi na nyama ya manjano. Na Battarrea phalloides, ambao si wa msituni hasa bali hupenda udongo mkavu wa kichanga. Kifungu cha 13 kinakataza mtu kuuchuma, kuung'oa au kuuharibu kwa makusudi uyoga ulio katika jedwali hilo, na katazo hilo linamhusu hata mwenye ardhi. Kwa hiyo utambuzi wote inabidi ufanyike mti uliposimama, kwa macho, kwa picha, na kwa kile ambacho uyoga wenyewe unakidondosha.

Jambo moja halijanitulia. Kwa kuwa sikuweza kuona ndani ya bonge, sina uhakika kamili kwamba chini ya meno yale hakuna matawi. Naomba maoni.

Mdau wa hadubini

Mleta mada, ahsante kwa maelezo ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi. Wengi hutuletea picha moja iliyopigwa kwa mbali pamoja na swali la maneno mawili, na hapo hata mtaalamu aliyebobea hana la kusema. Suala la matawi ndilo kiini cha mambo, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Katika misitu ya Uingereza kuna aina tatu za Hericium ambazo mtu anaweza kuzikuta kwenye fagusi, wakati mwingine katika msitu mmoja na msimu mmoja. Zote ni nyeupe zikiwa changa, zote huwa za manjano na kisha za kahawia zikizeeka, na zote zina meno yanayoelekea chini. Rangi, basi, haikusaidii. Kinachozitofautisha ni jinsi mwili ulivyojengwa kabla meno hayajaanza.

Hericium coralloides hujengwa kwa matawi. Kutoka kwenye shina fupi lililojibanza ndani ya mti hutoka tawi, tawi hugawanyika, na kila kijitawi hubeba safu ya meno mafupi upande wa chini, yaliyopangwa kama meno ya kitana. Ukiutazama kutoka pembeni utaona nafasi tupu kati ya matawi, na mara nyingi mwanga hupenya. Hericium cirrhatum haina matawi ya namna hiyo. Hutoa vibao vinene, mara nyingi kadhaa kimoja juu ya kingine, na meno yake mafupi, ambayo kwa kawaida hayazidi sana sentimita moja, hukaa upande wa chini wa kibao, huku upande wa juu ukiwa na vinundu na vijiti vigumu visivyozaa spora, yaani chembe ndogo sana ambazo kuvu huzaliana kwazo. Hericium erinaceus ni bonge moja la nyama nyeupe lisilogawanyika, na meno hutoka moja kwa moja kwenye bonge hilo, marefu kuliko ya ndugu zake wawili, kati ya sentimita 1 na 5 na pengine kuzidi kidogo.

Kwa maelezo yako, cirrhatum naiondoa bila wasiwasi, kwa sababu hakuna kibao na meno yako ni marefu mno. Coralloides inastahili kuangaliwa zaidi. Uyoga huo ukiwa mchanga sana, matawi yake huwa hayajatawanyika, nao huonekana kama kitonge chenye vinundu, hata mtu akadhani ameona erinaceus mchanga. Makosa ya aina hii hutokea sana mwanzoni mwa msimu. Lakini uyoga wako si mchanga: meno ya sentimita 4 ni ya mwili uliokwisha kukomaa, na coralloides aliyekomaa kwa kiwango hicho angekuwa amekwisha kufungua matawi yake wazi. Naomba picha moja iliyopigwa kutoka chini kabisa, ukiwa umesimama karibu na shina na kuelekeza kamera juu kati ya meno. Ikiwa meno yote yanaota kutoka kwenye uso mmoja mfululizo wa nyama, bila mipasuko wala vijitawi, hoja ya matawi itakuwa imekwisha.

Ushauri mmoja kuhusu kamera: uyoga mweupe mbele ya kivuli cha jeraha huwaka sana kwenye picha, na meno huungana yakawa doa moja. Punguza mwanga wa picha kwa makusudi, hata kama gome litaonekana jeusi. Meno ndiyo ushahidi, na gome unaweza kulipiga picha yake peke yake.

Mdau mgeni

Habari za humu ndani. Mimi ni mgeni katika mambo haya, na nauliza kwa nia njema kabisa. Uyoga huu si ndio ule unaouzwa madukani kwa jina la manyoya ya simba, ukiwa mbichi, mkavu, na hata umesagwa na kutiwa kwenye vidonge? Kama unalimwa na kuuzwa waziwazi, kwa nini mleta mada asichukue kipande kidogo tu, akakikata na kuona ndani, mambo yakaisha? Nilisoma pia kwamba kuchuma uyoga ni sawa na kuchuma tunda, kwa sababu kuvu yenyewe inabaki ndani ya mti.

Mleta mada

Karibu sana, ndugu. Ni swali zuri, na wengi wanalo ingawa hawalisemi.

Ni kweli kwamba ni spishi ileile. Wachina wameulima kwa miongo mingi kwenye vitu kama vumbi la mbao na makapi ya mazao, na unaouzwa Ulaya leo unatoka kwenye mabanda ya aina hiyo. Wingi wa uyoga bandani hauongezi hata mti mmoja wa kale msituni. Kinachokosekana Uingereza ni mahali pa kuishi. Kuvu hii inahitaji fagusi au mwaloni mzee, wenye kiini kilichoanza kuoza na majeraha makubwa, na miti ya namna hiyo imebaki katika misitu michache, New Forest ya kusini mwa Uingereza ikiwa maarufu kuliko yote. Mti wa kufikia hali hiyo hauoteshwi kwa mpango wa miaka mitano.

Kuhusu tunda, hoja hiyo ni kweli nusu. Kuvu hubaki ndani ya mti, na kuuchuma uyoga mmoja hakuuui. Hata hivyo, kazi ya uyoga ni kutoa spora. Spora moja ya kuvu hii peke yake haitoshi: ikishaota, uzi wake unapaswa kukutana na uzi mwingine unaolingana nao ndipo kuvu iweze kuzaa uyoga. Pale ambapo miti inayofaa imetengana kwa kilomita nyingi, kila uyoga unaoachwa umwage spora mpaka mwisho wa msimu una uzito ambao haungekuwa nao katika spishi ya kawaida. Sheria haikupima uzito huo kwa kila kipande. Imekataza kuchuma basi, na kipande kidogo ni kuchuma.

Hata biashara imeguswa. Kifungu hichohicho kinakataza kuuza, kutangaza kuuza, au kuwa nao kwa ajili ya kuuza uyoga huu uliotoka porini, na katika kesi ya kuuuza uyoga huchukuliwa kuwa wa porini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa maneno mengine, muuzaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba wake umelimwa.

Nina ombi pia kwa wanaonunua mbegu za uyoga huu na kuzipandikiza kwenye magogo bustanini. Tafadhali fanyeni hivyo mbali na misitu mikongwe, au ndani ya nyumba, na vuneni kabla haujakomaa. Mbegu nyingi za biashara zina asili ya mbali, na spora zake hazijui mpaka wa bustani. Amerika ya Kaskazini uyoga wa njano wa Pleurotus citrinopileatus, ulioletwa kutoka Asia kwa ajili ya kilimo, umetoka mabandani na sasa unaota porini katika majimbo mengi. Nisingependa kuona kizazi cha mwisho cha Hericium ya misitu hii kikichanganyika na mbegu za dukani kabla hatujaifahamu vizuri.

Kuhusu umbo, wanaoujua uyoga wa dukani peke yake hupata shida porini kwa sababu ule huvunwa ukiwa tufe dogo lenye meno mafupi. Huu wa jerahani umeachwa ukue, umening'inia, na kwa mtu asiyeuzoea unaonekana kama kitu kingine kabisa.

Mdau wa hadubini, picha ya kutoka chini nimeipiga kama ulivyoelekeza. Meno yanatoka kwenye uso mmoja mfululizo. Katikati kuna bonde dogo ambapo konokono amekula, na bonde hilo linaonyesha nyama nyeupe thabiti yenye vijitundu vidogovidogo, bila tawi lolote.

Mdau wa hadubini

Konokono huyo ametufanyia kazi ambayo sheria ingetukataza sisi. Nimeiona picha. Nyama ni moja na haigawanyiki, na meno yanaanzia juu yake moja kwa moja. Kwa umbo peke yake mimi naridhika kwamba ni Hericium erinaceus.

Hata hivyo, kwa spishi ya daraja hili, kumbukumbu yenye spora ina nguvu kuliko kumbukumbu ya picha tupu, na spora unaweza kuzipata bila kuugusa uyoga. Meno yanapokomaa hudondosha spora nyingi nyeupe zinazotua juu ya gome, kuvumwani na majani yaliyo chini yake. Tazama kama kuna jani lililonasa kwenye ukingo wa chini wa jeraha lenye vumbi jeupe juu yake. Likiwepo, lichukue hilo jani. Lisipokuwepo, weka kipande cha kioo cha hadubini juu ya ukingo wa gome, chini ya meno lakini bila kuyagusa, kiache usiku mmoja usio na mvua, kisha kifuate. Omba kwanza ruhusa ya mwenye msitu, na mweleze wazi unachotaka kufanya. Anayehitaji kuchukua kipande cha uyoga wenyewe kwa utafiti lazima apate leseni, ambayo katika Uingereza yenyewe hutolewa na Natural England, shirika la serikali la uhifadhi wa mazingira, na sioni sababu ya kuiomba kwa ajili ya utambuzi ambao umbo limekwisha kuutatua.

Ukizipata, kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni ukubwa. Spora za erinaceus ni karibu duara, na urefu wake ni kama maikromita (sehemu za elfu za milimita) 5 hadi 6.5 kwa upana wa 4 hadi 5.5. Za coralloides na cirrhatum ni ndogo zaidi, kati ya 3.5 na 5 kwa urefu na 3 hadi 4 kwa upana. Kuna mahali zinapokaribiana, kwa hiyo usipime spora moja ukaridhika. Pima nyingi, andika zote, na angalia zimejikusanya wapi. La pili ni rangi ndani ya iodini ya Melzer, kimiminika cha kupimia spora chini ya hadubini. Ukuta wa spora za Hericium hugeuka buluu iliyoiva hadi kuwa karibu nyeusi, na ukikuza vya kutosha utaona uso wake una vichunusi vidogo sana. Kimiminika hicho kina jina la Václav Melzer, Mcheki aliyekuwa mtaalamu wa uyoga wa jenasi ya Russula, na inapendeza kwamba Hericium, pamoja na umbo lake la ajabu, imewekwa katika oda hiyohiyo ya Russulales. Anayeitazama kwa macho hawezi kudhani kwamba ina undugu na uyoga wa kofia na mguu kama Russula, lakini spora na vinasaba vimesema hivyo.

Rangi hiyo itathibitisha jenasi. Spishi itathibitishwa na ukubwa wa spora ukiunganishwa na umbo. Ukiwa na vyote viwili, huhitaji kipimo cha vinasaba.

Mdau wa miti

Wakubwa, nimefuatilia uzi huu kimya kwa sababu kazi yangu ni ukaguzi wa miti mikubwa, si uyoga. Kuna jambo ambalo nadhani linapaswa kusemwa kabla mti haujaingia matatani. Kuvu hii huozesha kiini. Mkaguzi asiye na uzoefu akiona uyoga mkubwa mweupe ukitoka kwenye jeraha la fagusi ulio karibu na njia ya waenda kwa miguu, kalamu yake itaandika neno moja: kata. Je, mti wako uko karibu na njia?

Nasema hivi kwa sababu kiini kuoza si sawa na mti kufa. Sehemu hai ya shina ni ile ya nje, inayopitisha maji na chakula, na fagusi au mwaloni unaweza kuishi miongo mingi ukiwa na uwazi katikati. Uozo mweupe wa kuvu hii hula vyote, lignini na selulosi, viambato vikuu vya mbao, na kuiacha mbao laini na yenye nyuzi, kwa hiyo nguvu hupungua, hilo halina ubishi. Swali la mkaguzi ni ukuta uliobaki una unene gani, na mti ukianguka utamwangukia nani. Pakiwa na hatari ya kweli, mara nyingi inatosha kupunguza uzito wa matawi ya juu na kuliacha shina limesimama, au kuihamisha njia. Njia ni rahisi kuhamisha kuliko mti wa miaka mia tatu.

Ikilazimu mti kulala chini, basi shina liachwe hapohapo zima, lisipasuliwe kuni wala lisibururwe. Nimeona Hericium ikiendelea kutoa uyoga kwenye gogo lililoanguka msimu baada ya msimu, na hasa kwenye ncha iliyokatwa. Hapo pana jambo la kuangalia ambalo mleta mada atalipenda: meno hufuata mvutano wa ardhi. Kama uyoga ulikuwa umeota kabla mti haujaanguka, meno ya zamani yatakuwa yamelala upande, na yale yanayoendelea kukua yatapinda kuelekea chini kwa mwelekeo mpya. Kwa kutazama meno unaweza kujua kama mti ulianguka kabla au baada ya uyoga kutokea.

Sheria inamlinda anayefanya kazi halali pale uharibifu ulipokuwa matokeo yasiyoepukika ya kazi hiyo. Lakini mtu aliyekwisha kuarifiwa kwa maandishi kwamba uyoga upo hawezi tena kusema kirahisi kwamba hakuweza kuuepuka. Ndiyo maana nashauri mwenye msitu aarifiwe mapema, kwa barua, na nakala ibaki.

Mleta mada

Mdau wa miti, Mungu akubariki kwa ufafanuzi huo. Mti uko mbali na njia kuu, ingawa kuna kijia cha wanyama kinachopita karibu. Mwenye msitu nimemwandikia, amejibu vizuri, ameruhusu kioo kiwekwe, na amesema fundi wake wa miti hataugusa mti ule bila kumshauri mtu wa kuvu kwanza.

Matokeo ya kioo ni haya. Vumbi jeupe lilipatikana la kutosha, likiwa na umbo la mistari mifupi pale meno yalipokuwa juu yake. Nyingi ya spora nilizopima ziliangukia karibu na maikromita 5.5 kwa 5, chache zilifika 6, na chini ya 5 zilikuwa haba. Ndani ya iodini ya Melzer ziligeuka buluu nyeusi mara moja. Kwa umbo, kwa urefu wa meno, kwa nyama isiyogawanyika, kwa mti unaouhifadhi na kwa spora, sasa naandika jina bila alama ya kuuliza.

Mdau wa hadubini

Nakubaliana nawe. Vipimo hivyo vinakaa sawasawa ndani ya erinaceus na juu ya ndugu zake. Ukiandika kumbukumbu, usiishie kwenye jina la uyoga na tarehe. Andika spishi ya mti, kama uko hai au umekufa, kimo cha jeraha kutoka ardhini, upande wa dira ambao jeraha limeelekea, upana wa uyoga, urefu wa meno, na hali ya kukomaa. Andika pia nani ameutambua, kwa njia gani, na kwamba hakuna kilichochumwa. Miaka ijayo kuvu hii inaweza kupumzika bila kutoa uyoga kisha ikatoa tena katika jeraha lilelile, na mtu atakayekuja atahitaji kujua ni jeraha lipi.

Mdau mgeni

Nimejifunza mengi, nashukuru. Swali la mwisho kutoka kwangu: sasa ukiipeleka kumbukumbu hiyo, si kila mtu ataona mti ulipo? Halafu wale wa kuuza vidonge watafuata.

Mleta mada

Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo iliyonifanya nianze uzi huu bila jina la msitu. Vituo vya kumbukumbu huweka spishi nyeti kwa viwango viwili. Mtunza kumbukumbu na mwenye msitu hupewa namba ya gridi yenye tarakimu 8, ambayo humfikisha mtu kwenye mraba wa mita 10, yaani kwenye mti wenyewe. Ramani inayoonwa na umma huonyesha mraba mkubwa zaidi, kwa kawaida wa kilomita 1 au hata 10, na katika msitu mkubwa mraba wa namna hiyo una maelfu ya miti. Ukituma kumbukumbu, sema kwa maneno kwamba ni spishi ya Jedwali la Nane na uombe mahali pafichwe. Usidhani kwamba programu itafanya hivyo yenyewe.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu zetu. Picha ya simu hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, na baadhi ya mitandao huiacha ilivyo unapopakia. Picha nilizoziweka humu nimezifuta alama hizo kwanza, na nimezikata zibaki na uyoga na gome la karibu tu. Picha ya mti mzima ninayo na nimempa mtunza kumbukumbu, lakini hapa sitaiweka, kwa kuwa lile jeraha na namna shina lilivyopinda vinatosha kwa mtu anayeujua msitu ule kuutambua mti bila ramani yoyote. Mtakaopata uyoga wa aina hii mahali pengine, nitumieni maelezo na picha za karibu kwa ujumbe wa faragha; nitazitazama pamoja na mdau wa hadubini, na ikibidi kuweka kioo, tutakuelekezeni barua ya kumwandikia mwenye msitu.